Kabla hujapiga kelele "chui!", angalia mkia kwanza

Jamani huku Mufindi, Iringa, kila kitu chenye madoa kikikatiza barabara usiku ni chui. Bodaboda anakuja anatetemeka eti kamwona kwenye mashamba ya chai, ukimwambia aonyeshe urefu anaonyesha magotini, masikio makubwa yamesimama, miguu mirefu myembamba. Huyo ni mondo bwana, paka pori tu! Kilo 9 mpaka 18 hivi, kazi yake panya na ndege, labda na kuku wako akizubaa. Mwacheni, anawapunguzia panya shambani.

Chui mwenyewe utamjua kwa mkia, mrefu, akitembea ncha anaikunja juu na kwa chini ni nyeupe, wakati wa mondo ni kifupi kina pete nyeusi. Mwili umejaa, miguu mifupi minene, dume anafika kilo 60 na kuzidi, jike mdogo zaidi. Madoa ya ubavuni ni maduara kama maua, siyo vitone. Ukiona vitone vitupu na michirizi myeusi toka machoni mpaka mdomoni huyo duma, na duma mtafute kule hifadhi ya Ruaha kwenye uwazi, siyo msituni huku na baridi hili.

Nyayo nenda kaangalie asubuhi mapema kabla ng'ombe hawajapita. Chui anaficha kucha akitembea kwahiyo hazichori chini, mbwa na fisi zao zinaonekana. Sauti yake sasa, watu wa Sao Hill kwenye msitu wa mbao mtanielewa haraka, ni kama mtu anapasua mbao kwa msumeno wa mkono, anakwenda anarudi, anakwenda anarudi. Ukisikia hivyo usiku na hakuna fundi jirani, ingiza mbuzi.

Na banda liwe na paa. Narudia, PAA, maana watu wanajenga ukuta mrefu wanaona wamemaliza halafu chui anaruka anaingia juu anatoka na mbuzi mdomoni, huyu mnyama anapandisha mzoga juu ya mti sembuse ukuta wako. Mbwa naye alale ndani, chui anampenda sana mbwa (kumla namaanisha).

Mkikutana uso kwa uso usikimbie wala usichuchumae, mtoto mbebe, ongea kwa sauti, rudi kinyumenyume taratibu ukimwachia njia. Wenzetu Marekani wanaambiwa wamkazie macho puma wao, yule asiye na madoa, ila chui usimkodolee, anaona unamtafuta ugomvi.

Akishaua, sumu usiweke kwenye mzoga, utaua tai, fisi na mbwa wa jirani, na kesi juu. Piga picha unyayo, weka kiberiti pembeni ukubwa uonekane, mpelekee mtendaji wa kijiji amwite afisa wanyamapori, na uwahi kabla mvua haijafuta.