Pampu ya Magurudumu Ikiwaka Kila Mara Angani: Tafuta Presha Inakopotelea

Ukishakunja magurudumu, pampu ya haidroliki inatakiwa kunyamaza. Ndege nyingi za kujiundia zenye pampu ya umeme hazina ndoano ya kushika miguu ya magurudumu ikiwa juu. Kinachoishika ni presha ya oili tu. Presha ikishuka, swichi yake huiamsha pampu. Ukipaa Mombasa kwenye joto ukapanda kwenye baridi kuja uwanja wa Wilson, Nairobi, pampu ikiamka mara moja usishtuke: oili imepoa ikasinyaa. Lakini ikiamka kila baada ya dakika mbili tatu, kuna mahali oili inapita, na pampu mpya haitaziba hapo.

Inua ndege kwa jeki kwenye sehemu alizoonyesha mbunifu wake, mkia ukiwa umefungwa imara, na mtu asipite chini ya miguu. Betri iwe na chaja. Pima volti kwenye nati za pampu yenyewe inapozunguka: zikiwa pungufu kuliko za betri kwa zaidi ya volti 1 hivi, tatizo la kwanza ni waya mwembamba au relei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyoungua. Kiwango cha oili kikague jinsi maelekezo ya pampu yanavyosema, magurudumu yakiwa juu au chini, kwa sababu fimbo ya silinda huchukua nafasi ya oili na kiwango hubadilika.

Futa kila maungio kwa karatasi nyeupe, kunja miguu, kisha angalia panapotokea wekundu wa oili. Usipapase kwa kidole. Uzi mwembamba wa oili yenye presha hupenya ngozi. Tumia kipande cha katoni. Maungio ya ndege yana mdomo uliopanuliwa kwa pembe ya nyuzi 37, ya magari mengi ni 45, na ukiyachanganya hayatakauka hata uyakaze vipi. Nati ya paipu laini ya alumini ya robo inchi inakazwa kwa Nm 4.5 hadi 7.3. Usiweke utepe wa mabomba hapo: hauzibi chochote, na vipande vyake huenda kukwama kwenye vali.

Nje pakiwa pakavu, uvujaji uko ndani. Anza na vali ya dharura ya kushusha magurudumu, maana ndiyo rahisi. Fungua paipu yake inayorudi kwenye tangi, weka kikombe. Presha ikiwepo na matone yakaendelea, umempata mwizi. Mara nyingi ni chembe ya uchafu kwenye kikalio chake, yaani pale vali inapojifungia.

Ikiwa haidondoki, nenda kwenye silinda, moja baada ya nyingine. Miguu ikiwa juu na pampu ina umeme, vaa miwani, fungua polepole paipu ya upande wa kushusha, na uizibe kwa kizibo. Oili ya kwanza ni mabaki. Tundu la silinda likiendelea kutoa, o-ringi ya pistoni, yaani pete yake ya mpira ya kuzuia oili, imechoka.

Ukiitoa, ishike vizuri uitazame. Ikiwa imekatwa ubavuni, iliumia ilipopitishwa kwenye nyuzi za skrubu. Ikiwa imevimba na kulainika, mtu alijazia oili ya breki ya gari. Mfumo wa oili nyekundu ya haidroliki ya ndege, aina ya 5606, hutumia mpira wa nitrile, na DOT 3, yaani hiyo oili ya breki, huuharibu. Hapo hubadilishi o-ringi moja, unabadilisha mpira wote na kuosha paipu zote. O-ringi ya duka la vipuri vya magari Kirinyaga Road, Nairobi, inaweza kutosha mfereji wake kabisa, lakini bila pakiti yenye namba huwezi kujua ni mpira gani.

Pitisha ukucha ndani ya silinda. Ukikwama kwenye mkwaruzo, pete mpya haitadumu. Lowesha o-ringi kwa oili ileile, funika nyuzi kwa plastiki nyembamba, na usiisukume kwa bisibisi. Pete ya kuegemea, ile ngumu inayozuia o-ringi isisukumwe nje ya mfereji, hukaa upande usio na presha; pistoni inayosukumwa pande zote mbili ina pete mbili za kuegemea, o-ringi ikiwa katikati.

Funga, jaza, kisha kunja na kushusha mara 10 ili hewa irudi tangini. Mara tatu kati ya hizo shusha kwa vali ya dharura, pampu ikiwa imezimwa: kila mguu ushuke, ujifunge na uwashe taa yake ya kijani. Andika kazi kwenye kitabu cha ndege, mhandisi mwenye leseni aikague. Mwisho kunja miguu na uiache saa nzima, ukihesabu pampu imeamka mara ngapi.