Somo: Kuhamia Brazil, makaratasi ya kumaliza kabla hujapanda ndege

Wakuu, kila wiki naulizwa yale yale: "Kaka, Brazil mtu anaingiaje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naweka yote hapa, na atakayeuliza kilichokwisha andikwa nitamtajia namba ya hatua tu. Mimi niko São Paulo.

1. Viza. Balozi za Brazil zipo Dar es Salaam na Nairobi. Mwanafunzi anaomba VITEM IV. Anayefanya kazi mtandaoni kwa mwajiri wa nje anaomba VITEM XIV: onyesha kipato cha dola 1,500 kwa mwezi au akiba ya dola 18,000, pamoja na bima ya afya. Viza ya utalii si ya kuhamia.

2. Cheti cha tabia njema cha polisi. Omba mapema.

3. Cheti cha kuzaliwa. Hapa someni polepole. Brazil mtu hutambulika kwa jina lake na la mama yake. Polisi, benki, hospitali, kila fomu ina mstari wa nome da mãe. Pasipoti zetu hazina majina ya wazazi, kwa hiyo Polícia Federal (polisi wa taifa, ndio wanaosajili wageni) watataka cheti cha kuzaliwa, na watakisoma herufi kwa herufi. Kama cheti kinasema mama ni Zainabu Saidi, nawe kwenye fomu ukaandika Zainab Mrisho kwa kuwa ndivyo anavyoitwa mtaani tangu aolewe, kwao hao ni wanawake wawili, na utarudishwa dirishani na foleni yako yote. Usiniulize nimejuaje.

Kwa hiyo: linganisha cheti, pasipoti na vyeti vya shule ukiwa bado nyumbani. Mohamed wa huku awe Mohamed wa kule. Pana kosa, lirekebishwe RITA (Wakenya, ofisi ya usajili wa raia) kabla ya lolote. Kisha peleka Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi wa Brazil wakigongee muhuri. Warundi na Wanyarwanda mna nafuu, apostili (muhuri mmoja unaotambulika kimataifa) inawatosha: Burundi tangu 2015, Rwanda tangu 2024. Usikitie plastiki cheti, muhuri hautashika. Chukua cha Kiingereza, kwa sababu mtafsiri wa kiapo wa Kiswahili huku ni wa kutafuta kwa tochi. Na tafsiri hufanywa Brazil, na tradutor juramentado aliyesajiliwa. Uliyolipia Posta kwa bei ya hasara haitambuliki.

4. CPF. Namba ya mlipakodi, tarakimu 11. Omba kwa Receita Federal, mamlaka yao ya kodi, mtandaoni kabla ya safari. Bila hiyo hata laini ya simu ni shida. Jina la mama: rudi hatua ya 3.

5. Polícia Federal. Ukifika na viza ya muda una siku 90 za kujisajili. Miadi huwekwa mtandaoni na huku hujaa, basi weka wiki ya kwanza. Kadi, wanaiita CRNM, ni zaidi kidogo ya reali 200. Karatasi watakayokupa siku hiyo itunze, ndiyo kitambulisho chako mpaka kadi itoke. Ukipitisha siku 90 ni faini.

6. Pesa. Fungua akaunti, washa Pix. Benki Kuu yao iliizindua Novemba 2020. Unatuma kama M-Pesa, saa yoyote, benki yoyote, na mtu binafsi hakatwi senti. Muuza mahindi barabarani anayo.

7. Nyumba. Ukiulizwa fiador, ni mdhamini mwenye mali, na wewe huna. Mbadala ni bima ya kodi au amana, na amana haiwezi kuzidi kodi ya miezi 3. Sheria namba 8.245 ya 1991 inamkataza mwenye nyumba kudai dhamana mbili kwa mkataba mmoja. Akidai, mtajie hiyo sheria, atalegea. Bei ya tangazo mara nyingi haina condomínio (huduma za jengo) wala IPTU (kodi ya jengo), jumlisha mwenyewe. Na nyumba tupu ni tupu kweli: hakuna jiko, hakuna friji, pengine hata balbu.

8. Afya. SUS, huduma ya afya ya umma, ni ya serikali na ni bure, hata kwa mgeni. Nenda zahanati ya mtaa wako, UBS, na CPF na pasipoti.

Haya, maswali.

Mtoto wa Temeke: Mkuu, kwa viza ya utalii naweza kuja nikatafuta kazi hapohapo?

Mwandishi: Hatua ya 1, sentensi ya mwisho.

Mtoto wa Temeke: Sasa hasira za nini? Kuna jamaa alifanya hivyo na yuko poa.

Mwandishi: Sina hasira. Ukiwa ndani unaweza kubadili hadhi ukiwa na sababu: ndoa, masomo, mkataba wa kazi. Kuja kubahatisha ni jambo jingine. Ukizidisha muda ni reali 100 kwa siku, mpaka 10,000. Huyo jamaa muulize analipaje.

Bi Nyali: Mwanangu amemaliza sekondari Mombasa. Nasikia kuna masomo ya bure huko?

Mwandishi: Shikamoo mama. Ni kweli, vyuo vikuu vya serikali havitozi ada, hata kwa mgeni. Aulize ubalozini Nairobi kuhusu PEC-G, mpango wa Brazil wa kupokea wanafunzi wa nje kwa shahada ya kwanza. Kenya imo, Tanzania imo, na Kongo pia. Watataka cheti cha Kireno, Celpe-Bras. Kwa vijana wanaotoka nchi zisizo na kituo cha mtihani huo, kuna mpango wa kuja kusoma lugha kwanza. Ila ada kusamehewa si posho, chumba na chakula ni juu yenu, na huulizwa uthibitisho wa uwezo. Aanze Kireno leo, mama, asingoje majibu.

Kasongo wa Goma: Cheti yangu iko kwa Kifaransa. Ni shida?

Mwandishi: Hapana ndugu, watafsiri wa Kifaransa wapo. Na hutakuwa mpweke, Wakongomani ni wengi Rio na São Paulo. Anayekuja kuomba hifadhi aanzie Caritas (shirika la misaada la Kanisa Katoliki) ya jimbo kuu, miji yote miwili. Wamefanya kazi hiyo miaka mingi.

Mpishi Tanga: Ugali je?

Mwandishi: Fubá, unga wa mahindi, kila duka. Ni wa njano, utazoea. Sukuma wiki ni couve, sokoni wanakukatia nyembamba kabisa ukiomba. Bamia ni quiabo. Mawese tafuta azeite de dendê.

Dada wa Campinas: Niongeze moja. Saa ya ukutani huku isome tu kwa Kiswahili, umepata saa ya nyumbani. Ikisema 8 asubuhi, Dar ni saa nane mchana. Tofauti ni saa sita kamili, na tangu 2019 hawasogezi tena saa zao.

Mwandishi: Miaka yote najumlisha kwa vidole! Asante dada.

Fundi Chuga: Naja na blenda na pasi, nibebe na transfoma?

Mwandishi: Unakuja mji gani? São Paulo na Rio ni volti 127, Brasília, Recife na Fortaleza ni 220. Soketi ni ya matundu matatu ya mviringo. Chaja za simu na kompyuta hazina tatizo.

Fundi Chuga: São Paulo. Basi pasi ya 230 itatoa chini ya theluthi ya moto wake. Na hilo bomba la kuogea lenye umeme nimeliona kwenye video, ni salama?

Mwandishi: Hesabu yako ni sahihi, iache. Hilo bomba linakula wati 5,500 na lina waya wake lenyewe ukutani. Kagua kama waya wa ardhi umeungwa, wengi huukata. Na usiguse swichi ya joto maji yakiwa yanatoka.