Mahali pa kuweka proba ya pH katika sampu ya tangi la matumbawe

Matumbawe yanayofugwa nyumbani huhitaji maji yenye pH (kipimo cha uasidi na ualkali) kati ya 7.8 na 8.5 hivi, na mara nyingi mfugaji huhangaika kutafuta kosa ndani ya maji ilhali kosa liko pale alipoichomeka proba, yaani kijiti cha kupimia pH. Kabla ya kulipia proba ya bei kubwa, amua kwanza itakaa wapi.

Mahali ninapopapendelea ni ndani ya sampu, yaani tangi la chini linalopokea maji kutoka tangi kuu, katika chumba ambacho kina cha maji hakibadiliki. Vyumba vya sampu hutenganishwa kwa kuta za kioo, na maji yanayofurika juu ya ukuta hubaki kimo kilekile. Upungufu unaoletwa na mvukizo huonekana katika chumba cha mwisho tu, chenye pampu ya kurudisha maji juu. Ukiiweka proba humo bila kuwa na kifaa cha kujazia maji, siku chache za joto zinatosha kuliacha tufe la kioo lililo kwenye ncha yake hewani, na tufe lililokauka husoma polepole na kwa makosa.

Chagua basi chumba kilicho baada ya chujio la povu, yaani kifaa kinachotoa uchafu majini kwa viputo vya hewa, lakini mbali na mdomo wake. Mulika tochi pale unapokusudia kuiweka: ukiona viputo vimeng'ang'ania kwenye tufe kama ukungu mweupe, sogeza, kwa sababu tufe hupima kile tu kinachogusana nalo. Pawe pia na kivuli, mwani usije ukaota juu ya kioo.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni dawa, yaani viongezo vya madini vinavyotiwa majini. Maji ya chokaa yaliyokolea yana pH ya 12.4 hivi, na yale yanayotoka kwenye reakta ya kalsiamu (chombo kinachoyeyusha kalsiamu kwa ajili ya tangi) huweza kushuka hadi karibu 6.5; kwa hiyo proba iliyo mbele ya mdomo wa mojawapo itakueleza habari za mrija huo, si za tangi. Iweke mahali ambapo maji hupita kabla ya kukutana na dawa, hasa ikiwa kidhibiti chako, yaani kifaa kinachosoma proba, ndicho kinachofungua na kufunga dawa hizo.

Niliwahi kuona tarakimu zikiruka kati ya 8.2 na 7.6 kila hita ilipowaka, wakati maji hayakuwa na tatizo lolote: hita ilikuwa inavujisha umeme. Zima vifaa kimoja baada ya kingine ukitazama kidhibiti, na kile kinachotuliza tarakimu kiondoe kabisa, ukikata umeme wote kabla ya kutia mkono majini.

Kuiweka ndani ya bomba lenyewe kwa kiungo cha T sikupendekezi, isipokuwa proba imetengenezwa kuhimili shinikizo. Hapo epuka sehemu ya juu kabisa ya bomba, ambako hewa hukusanyika, na weka koki pande zote mbili ili uweze kuitoa.

Popote utakapoiweka, isimame wima, tufe likiwa chini na kifuniko chake cha juu kikiwa nje ya maji. Isahihishe kwa vimiminika vya pH 7 na 10, kisha uache waya uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji ya chumvi lidondokee sakafuni.