Kabla Hujagawa Intaneti ya Setilaiti kwa Kompyuta za Nyumbani

Kuunganisha kompyuta nne kwenye dishi moja ni kazi ya mchana mmoja. Kazi kubwa ni kuishi nazo mwezi mzima bila kugombana, na hiyo huanza kabla hujanunua waya.

Kwanza jua dishi lako linaongea na setilaiti gani. Zile zilizotulia juu ya ikweta ziko kilomita 35,786 kutoka ardhini. Ukibofya kiungo, ombi linapanda huko, linashuka kituoni, kisha jibu linapita safari ileile kurudi: karibu nusu sekunde imekwenda hata kama uko peke yako mtandaoni. Hakuna ruta (kifaa kinachogawa intaneti kwa kompyuta za nyumbani), hata ya bei mbaya, itakayokurudishia muda huo. Setilaiti za chini kama za Starlink huzunguka kwenye kilomita 550 hivi, na kuchelewa kwake ni makumi ya milisekunde tu. Kwa hiyo kama kuna mtu hapo nyumbani wa gemu za mashindano na dishi lako ni la aina ya kwanza, mwambie mapema.

Pili, soma kifurushi, hasa yale maandishi madogo. Hapa ndipo wengi hulia. Video ya HD inaweza kula gigabaiti 3 kwa saa. Kifurushi cha gigabaiti 100 ni kama saa 33 za video, na hizo mnagawana wote. Lakini mlaji mbaya zaidi ni yule asiyeonekana. Kila kompyuta hupakua masasisho yake kimyakimya, hupandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, na hakuna aliyeiagiza. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya mtandao katika kila mashine na uonyeshe kwamba muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo (“metered connection”). Masasisho mengi yatasubiri ruhusa yako. Usiseme utafanya kesho. Kompyuta moja iliyosahaulika inatosha kumaliza bando la nyumba nzima. Kampuni nyingine hulegeza kipimo usiku wa manane, basi panga upakuaji mkubwa saa hizo.

Tatu, chunguza kifaa ulicholetewa na dishi. Hicho ndicho modemu, kinachounganisha dishi na kompyuta, na modemu nyingi za sasa zina ruta ndani yake. Ukichomeka ruta yako nyuma yake bila kubadili kitu, unakuwa na malango mawili, na vitu kama gemu au kamera za nyumbani huanza kugoma. Dalili yake: fungua ukurasa wa ruta yako, tazama anwani iliyopewa upande wa intaneti. Ikianza na 192.168, kuna ruta nyingine mbele yake. Iweke yako iwe kituo cha Wi-Fi tu. Kama modemu yako ni ile ya zamani inayoingia kompyuta moja kwa USB, fahamu kwamba kompyuta hiyo haitazimwa tena. Nyumbani kwetu, aliyezima mashine ya sebuleni alikuwa amezima intaneti ya kila mtu, na kelele zilitoka vyumba vyote.

Kompyuta isiyohama ipe waya; waya wa mtandao unafika mita 100 bila shida. Nenosiri la Wi-Fi liwe refu, maana jirani akilijua anakunywa kwenye kipimo chako. Anayefanya kazi kwa VPN (njia inayofunga mawasiliano kwa siri, yasisomwe njiani) ajue kwamba kwenye setilaiti za mbali mambo hupungua kasi zaidi, kwa sababu modemu haiwezi kuharakisha kisichosomeka. Mvua kubwa nayo hukata mawimbi, kwa hiyo mwenye mtihani au kikao awe na bando la simu pembeni.

La mwisho kabla ya kugawa: chomeka kompyuta moja tu kwa waya moja kwa moja kwenye modemu, pima kasi asubuhi na saa mbili usiku, andika namba ubandike ukutani karibu na ruta. Siku mtu atakapokuja kulalamika kwamba mtandao umekufa, utaanzia hapo.