Somo: Kuchagua katriji na sindano mpya ya mashine ya santuri

Anayeuliza anunue katriji gani, yaani kile kifaa kidogo cha mwishoni mwa mkono wa mashine kinachobeba sindano, mara nyingi hujibiwa kwamba huenda hahitaji katriji mpya. Katika katriji ya sumaku (moving magnet), aina iliyo ya kawaida zaidi, kinachochakaa ni sindano, yaani kile kipande cha plastiki kinachochomolewa kwa mbele, chenye kijiti chembamba na ncha ya almasi. Mwili unaobaki una koili, wala hakuna ndani yake kinachosogea.

Hatua ya kwanza: tambua ulichonacho. Soma jina na namba iliyoandikwa kwenye mwili wa katriji kabla ya kutafuta chochote. Ncha ya almasi kwa kawaida hutumika kati ya saa 500 na 1,000. Dalili ya kwanza ya kuchakaa husikika kwenye nyimbo za mwisho za upande, karibu na lebo, ambako herufi "s" za mwimbaji huanza kukwaruza ilhali nyimbo za mwanzo bado ni safi. Sindano iliyokaa dukani kwa miongo kadhaa bila kutumika nayo si mpya, kwa kuwa mpira mdogo unaoshikilia kijiti hukauka na kuwa mgumu.

Hatua ya pili: angalia mkono wa mashine. Hapa ndipo wengi hukosea, nami nikiwa mmoja wao. Kwanza ni namna ya kufunga: katriji nyingi hufungwa kwa skrubu mbili zilizoachana milimita 12.7, lakini baadhi ya mikono hupokea katriji za kuchomeka tu, ambazo zina uzito wa gramu 6 na hukandamiza santuri kwa gramu 1.25. Aina hizo mbili hazibadilishani bila kiunganishi maalumu.

Pili ni ulaini wa kijiti (compliance), yaani namba ya mtengenezaji inayoonyesha kijiti kinavyosogea kwa urahisi. Mkono na kijiti kwa pamoja hutikisika kama uzito ulioning'inizwa kwenye springi, na mtikisiko huo unatakiwa uangukie kati ya Hz 8 na 12 (mitikisiko 8 hadi 12 kwa sekunde), yaani chini ya muziki lakini juu ya mawimbi ya santuri iliyopinda. Jumlisha uzito tendaji wa mkono (effective mass, ulioandikwa na mtengenezaji), uzito wa katriji na uzito wa skrubu, zidisha kwa ulaini, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 159 kwa jibu hilo. Mkono wa gramu 12 wenye katriji na skrubu za gramu 8 una jumla ya gramu 20. Ukiwa na ulaini wa 20 unapata takribani Hz 8, ambazo ziko mpakani, na ukiwa na ulaini wa 10 unapata takribani Hz 11. Niliwahi kufunga katriji laini mno kwenye mkono mzito, nikawa natazama koni za spika zikienda mbele na nyuma polepole hata pale ambapo wimbo ulikuwa umekwisha. Tahadhari moja: watengenezaji wa Japani mara nyingi hupima ulaini kwa Hz 100 badala ya Hz 10, kwa hiyo namba yao huonekana ndogo, izidishe kwa kati ya 1.5 na 2 kabla ya kukokotoa.

Hatua ya tatu: amplifaya. Katriji ya sumaku hutoa takribani milivolti 3 hadi 6 na huhitaji mlango wa santuri (phono) wa kiloomu 47. Katriji nyingi za koili (moving coil), ambazo koili ndiyo inayosogea badala ya sumaku, hutoa chini ya milivolti 0.5, hivyo hudai ukuzaji mkubwa zaidi, na sindano yake kwa kawaida haichomolewi.

Hatua ya nne: umbo la ncha. Kwa maoni yangu, hapa ndipo pesa husikika zaidi. Ncha ya mviringo ni rahisi na huvumilia ufungaji usio kamili, lakini haifiki kwenye mikunjo midogo ya mfereji wa santuri. Ya duaradufu husoma vizuri zaidi. Zile nyembamba, kama Shibata na "microlinear", husafisha nyimbo za karibu na lebo kwa kiwango kinachoshangaza, ila hudai mpangilio makini. Katika familia ya VM95 ya Audio-Technica, mwili mmoja hupokea ncha za maumbo hayo yote, kwa hiyo unaweza kuanza na ya bei ndogo ukapanda baadaye.

Hatua ya tano: kufunga. Waya nyeupe ni chanya ya kushoto na buluu ni hasi yake. Nyekundu ni chanya ya kulia na kijani ni hasi yake. Chomeka waya kwa kibano, wala usiweke joto la kulehemu kwenye pini za katriji. Pima mkandamizo kwa mizani ndogo na uuweke katikati ya kiwango cha mtengenezaji au juu kidogo, kwani sindano nyepesi mno hurukaruka na kuukwangua mfereji.

Maswali

Swali: Je, sindano ya santuri za kawaida itacheza santuri za zamani za kasi ya mizunguko 78 kwa dakika?
Jibu: Hapana. Mfereji wake ni mpana, hivyo unahitaji ncha yenye nusu kipenyo cha takribani mikromita 65 hadi 75, ilhali ncha ya mviringo ya santuri za kawaida ni takribani 15 hadi 18. Ncha ndogo huteleza chini ya mfereji na kuokota kelele.

Swali: Nina katriji ya Shure ya zamani. Niitupe?
Jibu: Usiitupe. Shure waliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, lakini JICO wa Japani hutengeneza sindano za kuingia kwenye miili yake mingi. Hakikisha namba ya mwili inalingana, kwa sababu kuingia peke yake hakutoshi.

Swali: Mashine yangu ndogo ina katriji ya seramiki. Naweza kuweka ya sumaku?
Jibu: Kwa kawaida haiwezekani. Mkono wake hauna uzito wa kurekebisha mkandamizo, na saketi yake inasubiri umeme mkubwa kuliko milivolti chache za sumaku. Badilisha sindano yake tu, na kama ipo ya almasi badala ya yakuti, chukua hiyo.