Kaseti za gemu na hewa ya chumvi

Hapa Mji wa Kale chumvi ya bahari haibishi hodi. Kabla ya kuhifadhi kaseti, sugua vile vipande vya shaba vya mdomoni mwake kwa pamba iliyochovywa spiriti mpaka pamba itoke nyeupe, kisha ziache zikauke kabisa. Usipulizie kwa mdomo, tafadhali! Mate huleta kutu ya kijani. Zipange wima kwenye mkebe wa kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vya silika vya viatu vipya, vinavyonyonya unyevu.

Lebo ya asili usiibandike kitu. Joto letu huyeyusha gundi ya selotepu. Mimi huandika kikaratasi kwa penseli: jina, mashine, mwaka, na betri ilibadilishwa lini. Super Mario World ya 1990 hutunza mchezo kwa betri ya CR2032, ile ndogo bapa kama sarafu. Ikiisha, ulipofikia hupotea.