Kabla Hujaenda Shuleni Kumsemea Mtoto Aliyewatangulia Wenzake

Mtoto wa Gredi ya 3 akimaliza hesabu zake mwalimu bado anaandika ubaoni, kisha akaanza kuchokoza wenzake, hapa Lamu ataitwa mtundu. Ukienda kumsemea, usiende mikono mitupu, wala usianze kwa "mwanangu ana akili sana". Kila mzazi husema hivyo, na mwalimu keshachoka kuyasikia.

Beba kazi alizofanya mwenyewe nyumbani, zenye tarehe. Kwa mfano, karatasi aliyopigia hesabu ya mahamri ya nyanyake: bei ya unga, sukari, mafuta na iliki, akajumlisha, akagawanya kwa idadi ya mahamri, akamwambia bibi kila moja limemgharimu kiasi gani. Hapo mwalimu ana kitu cha kukitazama. Muulize na ustadhi wa chuoni kama huko nako anawaacha wenzake, au ni hesabu tu.

Isome vizuri ripoti yake. "Kuzidi matarajio" ndicho kiwango cha juu kabisa, lakini hakikwambii amezidi kwa umbali gani. Hilo litajulikana akipewa kazi za Gredi ya 4 au ya 5, kwa hiyo liombe hilo kwanza.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013, kifungu cha 44, inawahesabu wenye vipaji maalumu miongoni mwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Ijue, ila usiingie nayo ofisini kama fimbo. Itakufaa ukihitaji mtoto apelekwe kituo cha EARC, yaani kituo cha kupima mahitaji ya mtoto kielimu, ambacho wengi hudhani ni cha watoto wenye ulemavu peke yao.

Ombi lako liwe dogo. Mimi sipendi kurushwa darasa zima kuwe ombi la kwanza. Anayeweza hesabu za wakubwa huenda Insha bado inamsumbua. Kuingia kipindi cha hesabu cha darasa la mbele kunatosha kuanzia. Na kazi ya ziada iwe ngumu zaidi, si nyingi zaidi: kumwongezea maswali ishirini ya yale yale ni adhabu. Wala asigeuzwe msaidizi wa mwalimu kila siku. Mtoto mwenyewe umeshamuuliza anataka nini?

Anza kwa mwalimu wa darasa, si kwa mkuu, na omba miadi badala ya kumvizia getini. Kabla hujaaga, andikeni mlichokubaliana na tarehe ya kuonana tena, iwe muhula huu huu, maana muhula ujao mwalimu huyo huenda akahamishwa.